Maboksi sita hadi shule shikizi: safari ya Nachingwea na njia ya Liwale, Julai 2024

Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi Dar es Salaam, nikitumia daftari la safari, stakabadhi zilizokunjwa ndani yake na picha za simu. Tulikuwa watatu: mimi, ninayefundisha darasa la pili, mwalimu mwenzangu aliyestaafu mwaka juzi, na kijana mhasibu anayetunza hesabu za asasi yetu ndogo. Asasi hiyo huchangiwa na walimu pamoja na watu waliopita mikononi mwao, na kazi yake ni kuziunga mkono shule za vijijini mkoani Lindi na walimu wanaofundisha huko. Majina ya vijiji na ya shule nimeyaacha makusudi, kwa kuwa walimu walituambia mambo ya maisha yao bila kuficha, na sitaki yeyote apate taabu kwa ajili ya ukarimu huo.

Jumapili, 14 Julai. Dar es Salaam hadi Masasi

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, kabla hakujapambazuka. Nauli ilikuwa shilingi 36,000 kwa kila mmoja, na kondakta alitutoza shilingi 5,000 kwa kila boksi, maboksi yakiwa sita: manne ya vitabu vya hadithi na vya kiada, moja la chaki, kalamu na madaftari, na moja la vifaa vya mafunzo ya walimu. Mwenzangu mstaafu alisimama mlangoni hadi alipoyaona yote yamelazwa chini, mbali na madumu ya mafuta ya kupikia. Nawashauri watakaofuata wafanye vivyo hivyo, maana kitabu kilicholowa mafuta hakina dawa.

Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mstaafu alitueleza jinsi alivyopangiwa kazi kusini akiwa kijana, wakati watu walipovuka kwa pantoni pale Ndundu, na jinsi alivyolala siku mbili kando ya mto akiwa na godoro, sufuria na barua ya ajira. Somanga gari lilipunguza mwendo. Mwezi Mei, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo hilo na kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa, na tulipopita bado kulikuwa na vifusi, mawe na mitambo kandokando. Nangurukuru, palipo na njia panda ya Kilwa Masoko upande mmoja na Liwale upande mwingine, tulikula wali wa nazi na samaki kwa shilingi 4,000. Kutoka hapo hadi Masasi sina la kueleza ila usingizi na mikorosho. Tulifika saa mbili usiku, tukalala nyumba ya wageni kwa shilingi 20,000 chumba.

Jumatatu, 15 Julai. Masasi hadi Nachingwea

Asubuhi tulinunua ming'oko iliyochemshwa kutoka kwa mama mmoja stendi. Mizizi hiyo huchimbwa porini na watu wa kusini huila kwa chai au hivihivi, na mama huyo, aliposikia tunakwenda shuleni, alituongezea bakuli jingine akakataa hela. Noah ya Nachingwea ilitutoza shilingi 4,000 kila mtu, na maboksi tulilipia kama abiria wawili.

Siku yote iliyobaki ilikwenda kwenye kibali. Barua yetu kwa Mkurugenzi wa Halmashauri tulikuwa tumeituma wiki tatu kabla, lakini nakala haikuonekana kwenye jalada, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi kuanzia saa nne hadi saa tisa na nusu. Sikulaumu sana. Shule ni mahali pa watoto, na mgeni asiyeulizwa anatoka wapi na anakwenda kufanya nini ni hatari. Ninachowaomba wenzangu ni kwamba wabebe nakala tatu za barua zilizogongwa muhuri, cheti cha usajili wa asasi, orodha ya vitabu, na uthibitisho kwamba kila kitabu cha ziada kina ithibati ya Kamishna wa Elimu. Ruhusa ya kupiga picha za watoto nayo iombwe mapema, ikiwezekana kupitia kamati ya shule, wala isichukuliwe kwamba kimya ni ndiyo.

Jioni tulikaribishwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Wasiolijua jina hilo wakumbuke kwamba baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kuwaingiza watoto wote shuleni ndani ya muda mfupi, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa wafundishe huku wenyewe wakijifunza ualimu kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Mzee alituandalia ugali wa muhogo, kisamvu na samaki wakavu. Nilipomwamkia "Shikamoo mwalimu", aliitikia marahaba na kuniuliza papo hapo, "Mwanangu, hayo maboksi mliyoleta, nani aliwaambia mlete nini?"

Nilijibu kwamba orodha tuliitengeneza sisi kwa kufuata mtaala. Mzee akaonyesha kwa kidole upande wa mashamba na kutukumbusha mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta mitambo, wakajenga hata reli kutoka pwani, na mwaka 1951 wakauacha, kwa kuwa udongo na mvua havikuwa vile walivyodhani na hawakuwa wameuliza vya kutosha kabla ya kuanza. Aliyasema hayo kwa upole, akijaza tena vikombe vyetu. Usiku sikulala mapema.

Jumanne, 16 Julai. Shule ya kwanza

Shule hii iko mwendo wa bodaboda wa dakika 40 kutoka mjini, shilingi 8,000, na tuliisaidia mwaka jana kwa kutuma vitabu bila kufika wenyewe. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupeleka ofisini na kufungua kabati. Vitabu vyetu vya hadithi vya Kiingereza vilikuwa humo ndani vyote, vingine bado vimefungwa kwa karatasi za dukani. Hakuvificha. Alieleza kwamba watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuvisoma, walimu hawakupata muda wa kuvipanga kwa ngazi, na yeye akaogopa kuvigawa visije vikachanika kabla wageni hawajarudi kuviona. Kosa hilo ni letu. Tulituma kitu kizuri kwa mtu ambaye hatukumuuliza, kisha tukamwachia kazi ya kukilinda.

Tulishinda siku nzima tukivipanga upya pamoja na walimu watatu, tukichagua vinavyofaa darasa la sita na la saba na kuvitia alama za rangi. Mhasibu wetu alitengeneza daftari la kuazimia, lenye safu ya jina, kitabu, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Kabla hatujaondoka, mvulana wa darasa la sita aliazima cha kwanza. Niliandika saa: tisa na dakika kumi.

Jumatano, 17 Julai. Njia ya Liwale

Kati ya Nachingwea na Liwale kuna takribani kilomita 130, na sehemu kubwa tuliyopita ni ya udongo mwekundu na mchanga. Sisi hatukwenda hadi Liwale. Shule tuliyoilenga iko ndani, kushoto mwa njia. Tulikodi pikapu kwa shilingi 180,000 pamoja na mafuta. Dereva alituonya tutoke mapema kwa sababu ya mchanga na tembo, na yote mawili yalikuwa kweli, ijapokuwa tembo tuliona kinyesi chao tu na shina la mwembe lililochunwa gome.

Saa saba mchana, kilomita sita kabla ya kijiji, gari lilizama katika mkondo mkavu wa mto. Tulikata matawi, tukaweka mawe, tukasukuma, na kila tulipokanyaga mafuta matairi yalizidi kujichimbia. Baada ya saa moja na nusu alitokea baba mmoja mfugaji, Msukuma, na mkokoteni wa ng'ombe wanne. Hakuuliza mengi. Alifungua ng'ombe, akawafunga mnyororo kwenye gari, akalivuta likatoka, na alipoona springi ya nyuma imekatika, akasema, "Mama, gari lenu lirudi pole pole mjini. Hayo maboksi nipandishieni mimi." Tulitembea nyuma ya mkokoteni hadi jua likazama. Nilipompa shilingi 20,000 alizirudisha mkononi mwangu na kuukunja mkono wangu juu yake. "Watatu wangu wanasoma pale. Nikichukua hela hii nitawaambia nini?"

Kwa wanaokusudia njia hii: msiende kati ya Januari na Aprili, bebeni koleo na ubao wa kuweka chini ya jeki, jazeni maji lita tano kwa kila mtu, na fahamuni kwamba mtandao wa simu hupatikana vilimani tu.

Alhamisi, 18 Julai. Shule shikizi

Shule shikizi ni shule changa iliyoegemezwa kwenye shule mama kwa usajili na fedha. Hufunguliwa palipo na watoto wadogo wasioweza kuufikia umbali wa shule mama, na kwa kawaida huwa na madarasa ya chini tu. Hii ina vyumba viwili vya tofali za kuchoma, cha tatu ni banda la nguzo na nyasi. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Watoto hufika kwa makundi, kaka na dada wakubwa wakitangulia na kupiga makopo, kwa sababu tembo hupita alfajiri kurudi porini na hakuna mtoto anayeruhusiwa kutembea peke yake. Siku kundi moja linapochelewa mwalimu haadhibu. Anaanza upya somo la kwanza.

Walimu ni wawili. Mmoja ameajiriwa na serikali, ametoka mkoa wa Kilimanjaro na huu ni mwaka wake wa tatu hapa. Wa pili ni binti wa kijiji cha jirani aliyemaliza stashahada ya ualimu na anajitolea wakati akisubiri ajira. Tangu ada na michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, mchango wa wazazi ni wa hiari na hupitia mkutano wa kijiji, na hapa wazazi walikubaliana kumpa shilingi 60,000 kwa mwezi, ambazo hupatikana vizuri wakati wa mauzo ya ufuta na kupungua kadiri msimu unavyokuwa mbali. Nilikuta mnada wa ufuta umepita, amelipwa miezi miwili kwa pamoja, na ameshanunua kwa hela yake manila na gundi.

Naomba nikae kidogo kwenye darasa lake la kwanza. Chumba ambacho kingepaswa kuwa na watoto 45 kina 71, na zaidi ya theluthi moja wametoka katika familia za wafugaji na nyumbani huzungumza Kisukuma. Wanapoanza shule, Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni. Mwalimu huyu hajui Kisukuma, lakini alikaa na mama zao akauliza maneno, akayaandika katika daftari lenye jalada la bluu: minzi kwa maji, mbuli kwa mbuzi, ng'wana kwa mtoto. Kisha akagundua kwamba ng'ombe ni ng'ombe kwa lugha zote mbili. Basi anaanza hapo. Wengi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuanza na irabu na konsonanti nyepesi, tuiache ng' mpaka mwisho kwa kuwa inawasumbua watoto. Yeye alimwita mbele msichana wa kifugaji, mtoto mwenye aibu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akamwomba awafundishe wenzake kuitamka ile ng' ya kwanza. Msichana akaitamka mara moja, sawasawa. Watoto 70 wakamfuata. Akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, na alipokwenda kukaa hakurudi mlangoni; alikaa safu ya pili.

Ubao wenyewe ulikuwa mweusi kuliko nilivyotarajia. Kila Jumamosi walimu huusugua kwa unga wa mkaa uliotwangwa pamoja na majani ya viazi vitamu, na maandishi ya chaki hushika vizuri kwa siku nne au tano. Zana nyingine zilikuwa vizibo vya soda vya kuhesabia, vilivyotobolewa na kutungwa kumikumi kwenye uzi wa katani, na silabi zilizoandikwa juu ya vipande vya karatasi ngumu ambavyo kona zake zimelainika kwa kushikwa.

Tulipofungua maboksi, binti huyu alishukuru kwa vitabu, akavipanga, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama tunaondoka na maboksi matupu. Nilidhani anataka kufungashia vitu. Alikuwa akitafuta karatasi ngumu za kukatia kadi mpya za silabi. Zile za zamani zilitoka katika boksi la sabuni alilopewa dukani, na zimekwisha. Tukaketi sakafuni sote watatu na mikasi miwili hadi saa kumi. Maboksi matatu yalitoa kadi 412. Ya vitabu vya kiada tuliyaacha yawe rafu. Mstaafu wetu, aliyefundisha miaka 36, aliandika silabi zote za familia ya ng' kwa mwandiko wake wa mezani, na nilimwona akifuta macho kwa kiganja.

Jioni mwalimu mwajiriwa alituonyesha anapoishi. Ni chumba kimoja katika ua wa mwenyekiti wa kitongoji, udongo na nyasi, kitanda cha kamba, na madaftari 118 ya wanafunzi yamepangwa juu ya sanduku la nguo. Hatua 50 kutoka hapo ipo nyumba ya mwalimu ambayo wanakijiji wameijenga kwa tofali zao, imefika linta na kusimama. Alisema bila kulalamika kwamba walimu watatu waliomtangulia walihama, na kila mmoja alipohama, darasa la kwanza lilikaa wiki kadhaa bila mtu. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shule mama na kugawanywa hadi hapa haiwezi kuezeka nyumba. Anapofuatilia madai yake ya likizo, hupoteza siku mbili njiani na bodaboda ya shilingi 25,000, na siku hizo watoto wote 118 humwangukia yule binti.

Nilipiga hesabu usiku kwa mwanga wa simu. Bati 40 kwa shilingi 31,000 kila moja ni shilingi 1,240,000. Boksi moja la vitabu vya hadithi, pamoja na usafiri, lilikuwa limetugharimu karibu shilingi 400,000. Naandika hili wazi kwa wachangiaji wetu, ambao wengi hupenda kuona picha ya mtoto ameshika kitabu: nyumba ile ikiezekwa, mwalimu atakaa, na mwalimu akikaa, kadi za maboksi zitafundisha kusoma. Akiondoka, hata maktaba nzima itabaki kabatini kama ile ya Jumanne.

Ijumaa na Jumamosi, 19 na 20 Julai. Kituo cha walimu

Tulirudi hadi makao ya kata kwa bodaboda tatu. Hapo, kwa msaada wa Afisa Elimu Kata, tulifanya mafunzo ya siku moja na nusu kwa walimu 23 kutoka shule tano. Tulikuwa tumeandaa mada nne kutoka Dar es Salaam. Tuliacha tatu. Siku ya kwanza tulimpa nafasi yule binti wa shule shikizi aonyeshe daftari lake la bluu na somo la ng'ombe, na walimu wenye miaka 20 kazini walimuuliza maswali hadi chakula kikapoa. Mafunzo ya namna hii, ya walimu kukutana na kufundishana kazini, yamo katika utaratibu wa serikali wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kilichokosekana hapa kilikuwa nauli na chakula cha mchana, yaani shilingi 11,000 kwa kila mwalimu. Kiasi hicho asasi ndogo inaweza kukibeba kila muhula, na ndicho tulichoahidi.

Wasafiri wenzangu, msiwalipe walimu posho kubwa ili wahudhurie, kwa maana asasi itakayofuata bila posho hiyo itakuta ukumbi mtupu. Nauli halisi, chakula kizuri, na kuanza kwa saa iliyopangwa vinatosha.

Jumapili, 21 Julai. Kurudi

Masasi hadi Dar es Salaam, basi lilelile, tairi moja lilipasuka karibu na Kibiti na tukachelewa saa mbili. Gharama yote ya safari, bila vitabu, ilikuwa shilingi 1,386,000 kwa watu watatu, pamoja na mafunzo.

Kabla ya kuachana, nilikuwa nimempa mwalimu wa shule shikizi daftari tupu na kumwomba aandike wanachokihitaji, kwa mpangilio wao wenyewe, bila kutufikiria sisi. Lilinifikia wiki mbili baadaye kwa mkono wa dereva wa pikapu. Namba moja ni bati. Namba mbili ni komeo na kufuli la mlango wa nyumba, namba tatu taa ya sola ya kusahihishia madaftari, namba nne nauli ya mwalimu wa kujitolea kwenda kwenye usaili wa ajira. Vitabu vya hadithi ni namba tisa, na pembeni yake yameandikwa kwa wino mwingine maneno "vya Kiswahili, vyenye wanyama".

Komeo na kufuli vilikwenda kwa basi la Jumatano. Bati tumechangiwa 26 hadi leo.